Gharika Huzaliwa Mlimani

Itajwapo gharika katika nchi ya Burundi, fikra za wengi huteremka mara moja hadi Gatumba na mitaa ya Bujumbura iliyo karibu na Ziwa Tanganyika. Wala hazikosei, kwa sababu huko ndiko nyumba zilikokaa ndani ya maji kwa majuma mengi, huko ndiko Mto Rusizi ulikovunja kingo zake mwezi wa Aprili 2020 na kuwatoa watu majumbani mwao kwa maelfu, na huko ndiko ziwa lenyewe, ambalo kwa desturi uso wake husimama takriban mita 774 juu ya usawa wa bahari, lilikopanda mwaka 2024 hata likafikia kimo ambacho wazee hawakuwa wamekiona tangu miaka ya sitini ya karne iliyopita. Mwezi wa Aprili mwaka huo Serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa ziliwaomba walimwengu msaada, zikieleza kwamba tangu Septemba 2023 watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamepatwa na madhara ya mvua na mafuriko. Nayo ni hesabu nzito kwa nchi yenye eneo la kilomita za mraba 27,834 tu, ambamo shamba moja hupakana na jingine bila nafasi.

Lakini maji yale hayakuzaliwa Gatumba. Tone lililoingia chumbani mwa mtu huko chini aghalabu lilikuwa mvua juu ya mgongo wa mlima fulani, likateremka katika shamba fulani, likapita bonde fulani, na kabla ya kuwa msiba lilikuwa jambo liwezalo kuonekana, kupimwa na kuandikwa. Elimu ya kulipima na kuliandika ipo, nayo hujengwa kwa taarifa za kijiografia, yaani habari yoyote iliyofungamanishwa na mahali pake juu ya uso wa dunia kwa longitudo na latitudo: kimo cha mlima, aina ya udongo, mvua ya jana, nyumba, daraja, shamba la maharage. Nia ya makala haya ni kuieleza elimu hiyo, na kumwomba msomaji aitazame kutoka Gitega na Muyinga, katika milima ya kati na ya kaskazini-mashariki, ambako gharika ingali changa na yaweza kuzuiliwa.

Ni vema kwanza kuiondoa dhana moja iliyoenea, kwamba maji ya milima yote hushukia Gatumba. Mvua inyeshayo Gitega haifiki Gatumba kamwe. Nchi ya Burundi imegawanywa na mgongo mrefu wa milima utokao kaskazini kwenda kusini, ambao vilele vyake vya juu hupita mita 2,600, na mgongo huo ndio kadhi wa safari za maji: tone liangukalo magharibi huporomoka katika miteremko mikali hadi Rusizi au Tanganyika, na mwisho wa safari yake ni Mto Kongo na Bahari ya Atlantiki, na tone liangukalo mashariki aghalabu hushika njia ya taratibu, likaingia Ruvyironza au Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, kisha Nile. Karibu nusu ya ardhi ya Burundi imo katika milki ya Nile, na ndiyo sababu Mjerumani Burkhart Waldecker, aliyeitafuta chemchemi ya kusini kabisa ya mto huo, alijenga piramidi ndogo mwaka 1938 huko Rutovu, katika milima ya Bururi, ambako Ruvyironza huanzia. Mto huo hupita jirani na Gitega, ukakutana na Ruvubu utokao katika milima ya Kayanza, na mito hiyo miwili ikiisha kuwa mmoja hugeuka kuelekea kaskazini-mashariki, ikapita mabonde mapana ya Karuzi na Muyinga na Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, hata kuvuka mpaka wa Tanzania na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kwa hiyo Gitega na Muyinga, ambazo kwa msafiri wa barabarani ni miji miwili iliyoachana mbali, kwa maji ni vituo viwili vya njia moja, na litokealo juu leo litasikika chini siku zijazo.

Katika milima hii gharika huja kwa sura mbili, na asiyezitenganisha hawezi kuelewa ni elimu gani imfaayo. Ya kwanza ni gharika ya korongo. Mawingu hukusanyika alasiri, mvua humwagika kwa nguvu kwa muda wa saa moja, na maji, yakikuta udongo uliovuliwa majani au mtaa ulioezekwa kwa mabati, hayapati nafasi ya kuzama ardhini. Hukimbia pamoja, huchimba, hubomoa daraja la mtaani, hula ua wa mtu kwa dhiraa kadhaa, na kabla ya magharibi yamekwisha kupita, yakabaki matope na makorongo yaliyoongezeka kina. Ya pili ni gharika ya bonde, ambayo haina kelele. Mvua za majuma mengi huujaza mto pole pole, maji hutanda katika vinamasi vya mafunjo na katika mashamba yaliyolimwa humo, hukaa, huozesha. Mkulima wa Burundi huhesabu misimu mitatu ya kilimo kwa mwaka, nayo huitwa A, B na C. Msimu wa C ni wa kiangazi, wakati mlima umekauka na bonde peke yake lina unyevu, basi mvua za Septemba zikitangulia, au za Aprili zikizidi wakati mpunga ungali bondeni, chakula cha jamaa nzima huweza kupotea bila ya nyumba hata moja kuanguka, na kwa kuwa hakuna nyumba iliyoanguka, mara nyingi hakuna gazeti liandikalo. Hasara ya bonde la Muyinga ni ya namna hii, na kwa rai yangu haijapewa uzito unaostahili.

Tuanze na kimo, kwa maana maji hayana sheria nyingine ila kushuka. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada mbili, moja tumboni na ya pili kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60, na kwa kulinganisha mwangwi uliorudi katika rada hizo kikapima vimo vya asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia. Vipimo hivyo leo hupatikana bure kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na humgawanyia mtazamaji ardhi katika visanduku vya takriban mita 30 kwa mita 30, kila kimoja kikiwa na kimo chake. Burundi nzima, kutoka Kirundo hadi Nyanza-Lac, haizidi sana visanduku milioni 30, na kazi ambayo ingemchosha mpimaji wa kale maisha yake yote, kompyuta ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi. Kila kisanduku huulizwa swali moja tu: katika jirani zako wanane, ni yupi aliye chini kuliko wote? Maji yake hupelekwa kwa huyo. Swali hilo likiisha kuulizwa kila mahali, programu hurudi na kuhesabu ni visanduku vingapi vilivyo juu hupitishia maji yao katika kila kisanduku kilicho chini, na hapo, bila ya mtu kuchora mstari hata mmoja kwa mkono, mito hujitokeza, vijito hujitokeza, na hata yale makorongo yaliyo makavu miezi kumi ya mwaka, ambayo mgeni mwenye haraka huyadhania kuwa kiwanja cha bure cha kujengea, hujitokeza pia.

Hatua ifuatayo ni kuuliza kila kiwanja kiko juu kwa kiasi gani, lakini si juu ya bahari, kwa maana hilo halimsaidii mtu wa Gitega akaaye zaidi ya mita 1,500, bali juu ya mkondo ule ambao maji ya kiwanja hicho huuendea. Nyumba iliyo mita mbili juu ya mkondo wake na nyumba iliyo mita arobaini hazina hatari moja, ijapokuwa zina anwani moja. Kisha juu ya tabaka hiyo ya vimo huwekwa tabaka ya udongo, ambayo hueleza ni mvua kiasi gani ardhi yaweza kuinywa kabla ya kushiba. Huongezwa pia tabaka ya mimea na majengo, inayotokana na picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikiitazama dunia tangu 1972 na ambazo tangu 2008 hutolewa bure, pamoja na picha za setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo huona kitu cha ukubwa wa mita 10. Mwenye subira akizipanga picha hizo mwaka baada ya mwaka ataona msitu ulipopungua, mji ulipotanuka, na kinamasi kilipogeuzwa shamba. Akizilaza tabaka zote pamoja na kuinyeshea ramani mvua ya kubuni, mathalan milimita 50 kwa alasiri moja, ataona ni wapi maji yatazidi njia yake.

Inafaa kuipa mvua hiyo uzito, kwa sababu milimita hamsini husikika kuwa kitu kidogo. Juu ya hekta moja ya mlima, milimita 50 ni lita 500,000 za maji. Juu ya paa la bati la mita za mraba 60, ni lita 3,000, na mtaa wenye nyumba elfu moja za namna hiyo humwaga lita milioni tatu, zote zikishuka kwa wakati mmoja na zote zikitafuta bonde lile lile. Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019. Maofisi yamehamia, wafanyakazi wamefuata, na viwanja ambavyo zamani vilikuwa migomba na nyasi vinageuka mabati, saruji na barabara. Hakuna mtu mmoja aliyekosea kwa kuezeka nyumba yake. Lakini jumla ya mapaa ni mto mpya ambao haumo katika ramani ya zamani, nao hutiririka juu ya miteremko ambayo kwa asili yake ni rahisi kuchimbika. Na mji unaokua bila kuuhesabu mto huo hujichimbia makorongo katikati ya vitongoji vyake. Hapa ndipo ramani ina faida kubwa kuliko yote, kwa kuwa huweza kuonyesha kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa ni kiwanja gani kilicho njia ya maji, na ni mfereji gani wa barabara utakaoyamwaga maji ya mtaa wa juu katika ua wa mtaa wa chini. Kumkataza mtu kujenga pasipofaa kabla hajanunua tofali ni rehema. Kumbomolea baada ya kujenga ni ukatili, hata kama sheria iko upande wa mbomoaji.

Sasa kuhusu macho yaliyo angani wakati gharika imekwisha kuja. Picha za kawaida hazifai wakati wa masika, kwa maana mawingu huifunika nchi nzima. Ndiyo maana setilaiti za rada, kama zile za Sentinel-1 ambazo ya kwanza ilirushwa Aprili 2014, zimekuwa na thamani kubwa. Rada hutuma wimbi lake yenyewe, nalo hupenya mawingu na giza la usiku. Uso wa maji matulivu kwa wimbi hilo huwa kama kioo kilichoinamishwa: huligeuzia mbali wala haulirudishi kwa mtumaji, na kwa hiyo katika picha maji huonekana meusi, ilhali udongo na mimea huonekana kuwa na weupe. Kwa njia hiyo mtu aliye mbali aweza kuuchora mpaka wa maji ya Rusizi au wa Ruvubu siku ile ile picha ilipopokewa. Hata hivyo, lazima isemwe wazi, kwa sababu wauzaji wa elimu hii mara nyingine huipamba kuliko ilivyo, kwamba setilaiti moja ya namna hiyo hurudi juu ya mahali pale pale kwa njia ile ile kila baada ya siku 12. Gharika ya bonde huingoja, kwa maana hukaa majuma. Gharika ya korongo haiingoji hata kidogo. Tena chini ya mafunjo na migomba maji hujificha, na wimbi hurudishwa na mashina hata picha ikadanganya kwa kuwa nyeupe mahali palipofurika. Vivyo hivyo kisanduku cha mita 30 hakina habari ya mfereji wa upana wa hatua mbili, na rada ya mwaka 2000 mara nyingi ilipima vilele vya miti ikidhani ni ardhi. Kwa hiyo katika vitongoji vya Gitega, ambako hatua mbili ndizo zitenganishazo usalama na maafa, kazi ya setilaiti sharti ikamilishwe na ndege ndogo zisizo na rubani, na miguu ya watu.

Nchi jirani imetupa mfano ulio mwema. Mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalikuwa bado machungu katika kumbukumbu, ilianzishwa kazi iitwayo Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wenyeji wa mitaa kama Tandale kuchora kila njia, kila nyumba na kila mtaro, na kuziweka habari hizo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia isiyo na mwenyewe, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuisahihisha. Uzuri wa kazi hiyo haukuwa katika vyombo. Ulikuwa katika jambo la kwamba mkaazi wa mtaa aliulizwa maji yalifika wapi mara ya mwisho, akaonyesha alama ukutani, na alama ile ikawa nambari katika ramani. Hakuna sababu ya kuzuia jambo hilo kufanywa Gitega, mji wenye vijana waliosoma na wenye wazee wanaokumbuka. Na mtaa wa Waswahili wa Gitega, ambao asili yake ni zama za boma la Wajerumani la mwaka 1912, una kumbukumbu ya mvua zaidi ya karne moja vinywani mwa watu wake.

Fauka ya hayo, Gitega ina bahati moja. Taasisi ya Jiografia ya Burundi, ijulikanayo kwa herufi za IGEBU, ina makao yake katika mji huo, na chini ya paa lake zimekusanywa kazi tatu ambazo katika nchi nyingine hukaa katika idara zisizosalimiana: uchoraji wa ramani, upimaji wa hali ya hewa, na upimaji wa mito. Katika orodha ya vituo vya kupimia Mto Ruvubu vimo kituo cha Gitega na kituo cha kivukoni Muyinga. Msomaji na atafakari maana yake. Mto ukipanda Gitega, maji yale yana safari ndefu mbele yake, katika mabonde yaliyolala na vinamasi vya mafunjo ambavyo huyashika, huyatanua na kuyatoa kidogo kidogo, kabla ya kufika kwa watu wa Muyinga. Na yeyote aliye na daftari la vipimo vya vituo viwili hivyo kwa miaka mingi aweza kuhesabu safari hiyo huchukua muda gani wakati mto ni mdogo na muda gani wakati umeshiba. Hesabu hiyo ndiyo bishara yenyewe. Haihitaji setilaiti, inahitaji ubao wenye alama za sentimita uliosimamishwa mtoni, mtu mwaminifu wa kuusoma kila siku, na simu. Ubao ukisombwa na maji na usirudishwe, au msomaji wake akikosa posho kwa miezi, hakuna picha ya angani iwezayo kulijaza pengo hilo, na miaka iliyopotea katika daftari haipatikani tena kwa fedha yoyote.

Ndivyo ilivyo kwa mvua pia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, wakishirikiana na idara ya jiolojia ya Marekani, wametengeneza kumbukumbu ya mvua iitwayo CHIRPS, ambayo huanzia mwaka 1981 na huigawa nchi katika visanduku vya kilomita tano. Na tangu 2014 setilaiti za GPM za Marekani na Japani zimewezesha mvua kukadiriwa kila nusu saa. Lakini setilaiti huikadiria mvua kwa kuyatazama mawingu kutoka juu, na katika nchi ya milima, ambapo mteremko mmoja hulowa na wa pili hubaki mkavu, makadirio hayo hukosea mpaka yasahihishwe na kipimamvua kilichosimama uwanjani mwa shule au zahanati. Kila kipimamvua kinachoondolewa Muyinga huifanya setilaiti ya mabilioni iwe na upofu zaidi juu ya Muyinga.

Kuna habari nyingine itokayo mbali, nayo huwafaa wenye kupanga mambo ya msimu mzima. Mvua za miezi ya Oktoba hadi Desemba katika Afrika Mashariki zina uhusiano mkubwa na hali ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua huzidi, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019 na tena mwishoni mwa 2023, mwaka ambao El Niño nayo ilikuwepo. Joto la bahari hupimwa na setilaiti kila siku, na kituo cha hali ya hewa cha ICPAC kilichoko Kenya hukusanya wataalamu wa nchi 11, Burundi ikiwamo, kabla ya kila msimu ili kutoa utabiri. Utabiri huo hausemi mvua itanyesha Jumanne. Husema ni mwaka wa kusafisha mitaro mapema, wa kuweka akiba ya mbegu, na wa kutopanda kila kitu bondeni.

Kutabiri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo naiona kuwa bora zaidi, ni kuizuia gharika isizaliwe. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2017 kwamba Burundi hupoteza takriban tani milioni 38 za udongo kila mwaka, na kwamba uharibifu wa ardhi huigharimu nchi kiasi cha asilimia nne ya pato lake. Udongo huo ndio rangi nyekundu ya mito wakati wa masika; ndio ujazao vitanda vya mito hata ikakosa nafasi ya maji; na ule wa Ruvubu huteremka hadi Rusumo, ambako Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga kwa ushirika mtambo wa umeme wa megawati 80. Dawa yake inajulikana tangu zamani: makingamaji yanayofuata usawa wa mlima, nyasi za kushika udongo juu ya kingo zake, miti iliyochanganywa na mazao, matuta ya ngazi penye mteremko mkali. Wabelgiji waliwalazimisha watu kuyachimba makingamaji hayo, na kwa sababu yalichimbwa kwa amri na si kwa ridhaa, baada ya uhuru yaliachwa kwa wingi yakafukiwa; na historia hiyo ni funzo kwa kila mwenye ramani nzuri mkononi anayedhani kwamba ramani peke yake yatosha kumwamuru mkulima.

Huko Muyinga, katika iliyokuwa tarafa ya Buhinyuza, jirani na hifadhi ya Ruvubu, na pia huko Isale karibu na Bujumbura, mradi wa kuihuisha ardhi uliokubaliwa mwaka 2018 kwa dola milioni 30 za Benki ya Dunia ulichagua kuanza na mlima mmoja mmoja, ukiunganisha matuta ya ngazi na utoaji wa hati za mashamba. Hekima yake ni kubwa, kwa maana hakuna mtu awezaye kuchimba ngazi kwa jasho lake katika shamba asilojua kama litakuwa lake mwakani. Katika mwaka huo huo wa 2018 serikali ilianzisha harakati za upandaji miti ziitwazo Ewe Burundi Urambaye, na kila Jumamosi asubuhi wananchi hukusanyika kwa kazi za pamoja. Nguvu ya mikono basi ipo. Upungufu ni wa kujua ni mahali gani mikono hiyo ianzie, na hapa ramani hurudi tena: mlima wenye mashamba mia hauna hatari sawa kila mahali, aghalabu sehemu chache zenye mteremko mkali, udongo mtupu na maji mengi yatokayo juu ndizo zitoazo sehemu kubwa ya matope, na kiongozi wa wakaazi wa mlima akipewa karatasi moja inayomwonyesha sehemu hizo, Jumamosi kumi za watu wake huweza kuzaa faida ambayo Jumamosi mia za kuchimba popote hazitaizaa. Ramani hiyo sharti ianzie kileleni na kushuka, kwa kuwa anayeziba korongo chini kabla ya kuyapunguza maji juu atalikuta limezibuka mvua ijayo.

Limebaki jambo la utawala. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa mitano, na tarafa 119 zikawa 42. Gitega ikabaki jina la mkoa, uliopanuliwa hata kuimeza Karuzi, na Muyinga ikaingia katika mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Kwa mtu wa maji mageuzi haya yana kheri ndani yake, kwa maana sehemu kubwa ya njia ya Ruvubu, ambayo zamani iligawanywa baina ya magavana wengi, sasa ipo mikononi mwa wachache, nao wawili wa Gitega na wa Buhumuza wanapokezana mto mmoja. Lakini ramani za hatari, mipango ya dharura na orodha za watu wa kupigiwa simu vilivyoandikwa kwa mipaka ya zamani vinahitaji kuandikwa upya. Katika kuviandika ningependa yafanyike mambo ya wazi kabisa: vipimo vya mto vya Gitega vimfikie ofisa wa tarafa za Muyinga siku ile ile vinaposomwa; tahadhari isemwe redioni kwa Kirundi, na kwa Kiswahili katika masoko na miji yenye wasemaji wake, ikitaja jina la mto na la daraja badala ya kusema mvua kubwa inatarajiwa katika sehemu kadhaa za nchi; na kila baada ya masika mtu atumwe kwenye mabonde yaliyofurika, aandike maji yalipofika, na ramani isahihishwe kwa hayo kabla ya mvua za Septemba kuanza tena.